Kenya: Nani atagharamia majengo ya mijini?

Kwa zaidi ya miaka kumi, Kenya imekuwa ikitafuta jibu la swali linaloisumbua kila nchi ya Afrika Mashariki ambayo miji yake inapanuka kwa kasi: fedha za kujenga nyumba, maduka na mabweni zitoke wapi? Sheria zimetungwa, taasisi zimeundwa, na Soko la Hisa la Nairobi limefungua milango yake kwa mifuko inayomiliki majengo. Hata hivyo, mwananchi wa kipato cha kawaida, ambaye mageuzi hayo yalitangazwa kwa ajili yake, bado yuko pembeni, na baadhi ya waliothubutu kuweka akiba zao katika sekta hiyo wamezipoteza.

Mkopo wa benki wafikia wachache

Kufikia mwisho wa mwaka 2023, takwimu za Benki Kuu ya Kenya zilionyesha kuwa nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Sababu si ngumu kuieleza. Benki hukopesha kwa kutumia amana za wateja, na amana hizo zinaweza kutolewa wakati wowote. Kuzifunga katika nyumba kwa miaka 20 ni hatari ambayo benki huitoza gharama kubwa.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha uzito wa gharama hiyo. Anayekopa shilingi milioni 5 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, hulipa takriban shilingi 62,000 kila mwezi, na hatimaye hurejesha karibu mara tatu ya alichokopa. Riba ikishuka hadi asilimia 9, malipo ya mwezi hupungua hadi shilingi 45,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo mwalimu au muuguzi atamiliki nyumba au atabaki mpangaji.

Serikali ilijaribu kwanza kutumia nguvu ya sheria. Mwaka 2016 iliwekea riba za benki ukomo, lakini benki zikapunguza mikopo na kuelekeza fedha zao kwenye hatifungani za serikali. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2019. Njia iliyofuata ilikuwa kampuni ya kuzikopesha upya taasisi zinazotoa mikopo ya nyumba, Kenya Mortgage Refinance Company, iliyopata mtaji kutoka Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kampuni hiyo huzikopesha benki na vyama vya ushirika wa akiba kwa muda mrefu na kwa riba nafuu, ili nazo ziwakopeshe wateja kwa riba isiyofika asilimia 10. Ilipotoa hatifungani yake ya kwanza mwaka 2022, ikitafuta shilingi bilioni 1.4, wawekezaji walijitokeza na zaidi ya bilioni 8. Hiyo ilikuwa ishara kwamba fedha zipo, ila hutafuta mahali palipo na dhamana ya kuaminika.

Ahadi ya mwaka 2015

Kwa wale wasioweza kununua jengo zima, kanuni za mwaka 2013 zilileta mifuko ya uwekezaji katika majengo, maarufu kwa jina la REIT. Wawekezaji wengi huchangia mtaji, mfuko hununua majengo, kisha kodi ya pango hugawanywa kwa wenye vipande. Mfuko wa aina ya mapato hutakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya faida yake, na kwa sababu hiyo hupewa unafuu wa kodi ya mapato.

Mfuko wa kwanza, Fahari, uliorodheshwa Nairobi mwezi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande. Ulilenga kukusanya hadi shilingi bilioni 12.5, ukapata bilioni 3.6. Upungufu huo uliuandama hadi mwisho. Mfuko mdogo humiliki majengo machache, na sehemu kubwa ya thamani ya Fahari ilitegemea jengo moja la maduka, Greenspan, lililoko Donholm. Gharama za meneja, mdhamini na wathamini hazikupungua kwa kiasi kilekile. Bei ya kipande sokoni ilishuka hadi chini ya nusu ya bei ya awali.

Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliahidiwa shilingi 11 kwa kila kipande ili wajiondoe, na mapema mwaka 2024 mfuko uliondolewa katika soko kuu, ukahamishiwa jukwaa la wawekezaji wenye weledi. Aliyenunua mwaka 2015 aliondoka na zaidi kidogo ya nusu ya mtaji wake, mbali na gawio alilopokea katika miaka hiyo.

Mabweni yaonyesha njia nyingine

Si kila jaribio lilikwama. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn, inayojenga mabweni ya wanafunzi chini ya majina ya Qwetu na Qejani, ilitoa hatifungani ya kijani ya kwanza nchini Kenya na kukusanya shilingi bilioni 4.3. Hatifungani hiyo iliorodheshwa Nairobi na pia London. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianzisha mifuko miwili: mmoja wa ujenzi, mwingine wa kumiliki majengo yaliyokamilika.

Mambo matatu yaliipa nafuu. Kwanza, wapangaji walijulikana mapema, kwa kuwa vyuo vikuu vina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Pili, nusu ya mtaji wa hatifungani ilidhaminiwa na taasisi ya kimataifa ya GuarantCo, hivyo mwekezaji hakubeba hatari yote peke yake. Tatu, hatari ya ujenzi ilitenganishwa na mapato ya kodi. Anayetaka gawio la kila mwaka hakulazimika kusubiri zege likauke.

Lakini mlango wa mifuko ya aina hii ni mwembamba. Katika toleo linalowalenga wawekezaji wenye weledi, kiwango cha chini cha kuingilia ni shilingi milioni 5. Kiwango hicho kiliwekwa ili kumkinga asiyeelewa hatari. Matokeo yake ni kwamba faida iliyo bora huwaendea wale ambao tayari wana mali.

Akiba nje ya ulinzi

Aliyefungiwa mlango rasmi hutafuta dirisha. Katika miaka ya 2010, maelfu ya Wakenya waliweka akiba zao katika mipango ya Cytonn High Yield Solutions na Cytonn Project Notes, iliyoahidi faida ya hadi asilimia 18 kwa mwaka kutokana na miradi ya majengo. Mipango hiyo haikuwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Fedha za muda mfupi ziliwekwa katika majengo yanayohitaji miaka kukamilika na kuuzwa. Janga la korona lilipodhoofisha soko na wawekezaji wakataka fedha zao kwa pamoja, hazikuwepo. Mwaka 2021 mipango hiyo iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifilisiwe. Madai yalizidi shilingi bilioni 10.

Hatari kama hiyo inamkabili pia anayenunua nyumba kwenye ramani. Mnunuzi hulipa awamu kabla ya msingi kuchimbwa, na fedha zake ndizo mtaji wa mjenzi. Mjenzi akikwama, mnunuzi hujikuta mkopeshaji asiye na dhamana, akisimama nyuma ya benki iliyoshika hati ya kiwanja.

Pensheni na tozo

Kwa hali hiyo, mzigo unaelekea kwenye fedha ambazo mwenyewe hazigusi kwa urahisi. Mwaka 2023 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, LAPTrust, ulihamishia majengo yake yenye thamani ya karibu shilingi bilioni 7 katika mfuko wa Imara, bila kuuza kipande kwa umma. Mwaka 2024 Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ilithibitisha tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, huku mwajiri akichangia kiasi kama hicho, baada ya Mahakama Kuu kubatilisha tozo ya awali. Mfanyakazi sasa hugharimia nyumba kwa lazima, iwe atapata moja au la.

Wakati huohuo serikali yenyewe ni mshindani. Februari 2024 ilitoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi. Ni jengo gani la ofisi Nairobi linaloweza kumlipa mwekezaji kiasi hicho? Riba ya Benki Kuu ilianza kushuka Agosti 2024, na kila inaposhuka, majengo hupata nafasi ya kuvutia mtaji tena.

Funzo kwa majirani

Tanzania ilitangulia kwa kuanzisha kampuni yake ya kuzikopesha upya benki, TMRC, mwaka 2010, na mfuko wa nyumba wa Watumishi Housing uliidhinishwa mwaka 2015. Njia ya Kenya inaihusu moja kwa moja. Inaonyesha kuwa kuorodhesha mfuko mdogo sokoni hakuleti wanunuzi, na kwamba dhamana ya nje inaweza kufungua fedha za pensheni.

Linalosubiriwa Nairobi ni iwapo wasimamizi watafungua njia salama ya viwango vidogo kabla ya ahadi nyingine ya faida kubwa kujitokeza. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na sehemu ya fedha hizo hununua viwanja na nyumba. Zisipopata mfuko unaosimamiwa, zitaendelea kupitia kwa ndugu, mawakala na michoro ya ramani.