Chombo cha Kuchezea Chatuonyesha Sinema

Juma hili nina habari ya nyumbani kwangu mwenyewe. Naileta kwenu kwa sababu najua wengi mmekwisha kupatwa na jambo la namna hii, au mtapatwa, tangu umeme ulipoanza kuingia katika vijiji vyetu.

Tunayo nyumbani diski moja ya arusi ya dada yangu mdogo, aliyeolewa mwaka 2004. Hatuitunzi kwa ajili ya arusi tu. Ndani yake yumo mama yetu, amesimama mbele ya wageni, akimwaga binti yake kwa maneno machache. Mama amekwisha kufariki. Picha zake tunazo, lakini sauti yake haipo mahali po pote ila katika sahani ile nyembamba. Basi kila mwaka, siku ya kumkumbuka, watoto na wajukuu wake hukusanyika kwangu. Tukiisha kusali na kula, tunaitia diski katika deki na kumsikiliza.

Mwaka huu, siku nne kabla ya siku hiyo, deki ikafa. Niliipeleka mjini. Fundi akaifungua, akainusa, akanirudishia. "Mzee," akasema, "hii imeungua. Kununua nyingine ni nafuu kuliko kuitengeneza." Nikarudi nyumbani nikimtazama mbuzi wangu, nikihesabu bei yake.

Jioni ile akaja mpwa wangu afanyaye kazi mjini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema, mjomba. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza. Akacheka. "Mjomba, mbuzi mwache ale majani. Deki unayo. Ile mashine ya gemu niliyowaletea watoto mwaka juzi, ile ni deki pia."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Mashine ile, PlayStation 2, naijua sana kwa kelele zake na kwa ugomvi wa wajukuu. Lakini kijana akaiunganisha na televisheni, akatia diski ya sinema aliyokuja nayo, na mara watu wakaanza kutembea na kusema. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kumbe!" akasema. "Miaka miwili tumefuga ng'ombe wa maziwa tukidhani ni dume!"

Tukacheka wote. Ndipo nikaenda chumbani, nikaitoa diski ya arusi katika bahasha yake, nikaitia kwa mkono wangu. Mashine ikazunguka, ikanguruma kidogo, halafu ikaleta maneno ya kuikataa. Tukaifuta diski, tukajaribu tena. Ikakataa. Nawaambia kweli, kicheko kilikauka. Nilidhani sauti ya mama imekwisha potea.

Haikupotea. Lakini ili mfahamu kilichotokea, yafaa kwanza tujue mashine hii ni kitu gani.

PlayStation 2 ilitengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani, ikaanza kuuzwa huko tarehe 4 Machi 2000 kwa yeni 39,800. Wakati ule diski za sinema za namna ya DVD zilikuwa bado ngeni, na deki za kuzionyesha zilikuwa ghali. Sony waliweka ndani ya chombo chao cha kuchezea jicho la mwanga liwezalo kusoma DVD. Basi baba wa Kijapani aliyetaka kutazama sinema, na mtoto wake aliyetaka kucheza, waliweza kununua kitu kimoja tu. Ilipomalizika kazi ya kuzitengeneza mwaka 2013, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndiyo maana hata leo zaonekana zimekwisha tumika, zikipita kutoka mkono hadi mkono.

Basi kwa nini iliikataa diski yetu? Kwa sababu sahani hizi tuziitazo zote sidii hazifanani, ingawa upana wao ni mmoja, sentimita 12. Iko sidii ya muziki, iko VCD, iko DVD. VCD ilianza mwaka 1993. Ni sidii ya kawaida iliyobebeshwa picha, nayo hujaa baada ya dakika kama 74 au 80. DVD ya kawaida hubeba zaidi ya mara sita ya mzigo huo, na picha zake hupangwa kwa namna nyingine. Deki za bei ndogo zilizoenea kwetu zilikuwa zikisoma zote mbili. PlayStation 2 husoma DVD na sidii ya muziki, lakini VCD haikufundishwa. Na wapiga picha wengi wa arusi wa miaka ile walitoa kazi yao kwa VCD, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mpwa wangu aliposoma herufi ndogo katika ile diski, akaziona: VCD. Basi kosa halikuwa la diski, wala la mashine. Kesho yake aliichukua mjini kwa kijana mmoja mwenye kompyuta na studio ya picha. Yule akayatoa yaliyomo, akayapanga upya kwa namna ya DVD, akachoma nakala mbili, na nyingine akaiweka katika kifaa kidogo cha kuhifadhia. Malipo yake hayakufika hata robo ya bei ya mbuzi. Siku ya kumkumbuka mama tukatia nakala katika PlayStation 2, naye akasema nasi kama kila mwaka. Dada yangu alilia, na mimi nilijisingizia kutazama waya.

Sasa, wasomaji, nisiwaache na hadithi tupu. Yako mambo matano ambayo mwenye mashine ya namna hii yampasa kuyajua.

Kwanza, umeme. Mashine hizi huletwa na ndugu kutoka nchi nyingi. PlayStation 2 nene za Japani ziliundwa kwa umeme wa volti 100, za Marekani kwa 120. Umeme wetu ni kama 230. Ukiichomeka tu, utasikia mlio mmoja na harufu, na habari itakuwa imekwisha. Kwa hiyo soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka. Kama hakikuandikwa 220 hadi 240, tafuta transfoma ya kupunguza nguvu. Zile nyembamba zilizotoka tangu mwaka 2004 nazo zisomwe kibandiko, na chaja yake pia kama anayo.

Pili, mafungu ya dunia. Makampuni ya sinema yaliigawa dunia katika mafungu, na kila DVD ya dukani yaweza kufungwa kwa fungu lake. Marekani ni fungu la 1, Ulaya na Japani la 2, na nchi zetu za Afrika Mashariki la 5. Mashine iliyotoka Uingereza itaikataa diski ya sinema iliyofungwa kwa ajili ya Marekani, hata ikiwa mpya kabisa. Diski za arusi na za sikukuu zinazochomwa kwetu kwa kawaida hazina kufuli hilo.

Tatu, namna ya diski. Kabla ya kuilaumu mashine, tazama maandishi. VCD itakataliwa. Na diski iliyojazwa mafaili ya kompyuta, kama wauzavyo wengine sinema ishirini katika sahani moja, nayo itakataliwa. Ukichomesha nakala ya jambo la nyumbani, mwambie kijana wa studio maneno haya: "Nataka DVD ya kuchezwa katika deki, siyo mafaili." Tena ijaribu palepale kabla ya kulipa, kwa maana mashine za kwanza kabisa huchagua sana diski za kuchomwa.

Nne, waya. PlayStation 2 huja na waya wenye vichwa vitatu vya rangi. Njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Ukiona picha bila sauti, usiite fundi, tazama kwanza vichwa hivyo. Televisheni nyingi mpya hazina tena matundu hayo, basi ulizia kabla ya kununua televisheni mpya, au utahitaji kifaa cha kuunganisha.

Tano, jicho. Mwanga usomao diski hauigusi, kwa hiyo diski haichakai kwa kutazamwa. Huharibika kwa mikwaruzo, vumbi na jua. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usiizungushe kama uoshavyo sahani ya ugali. Lakini jicho lenyewe la mashine huchoka, na mashine yenye kazi mbili jicho lake ni moja. Likichoka, michezo na sinema vyote vitalala.

Labda mwingine wenu ataniuliza: je, kila mashine ya gemu ni deki? Hasha. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, haikuonyesha DVD mpaka ununue rimoti yake ya pekee. GameCube ya Nintendo ya mwaka huohuo ilitumia visahani vya sentimita 8, na sinema haikuonyesha. Wala Wii ya mwaka 2006 haikuonyesha. PlayStation 3 ya mwaka 2006 husoma DVD na Blu-ray pia. PlayStation 4 ya 2013 husoma zote mbili, lakini sidii ya muziki haitaki. Xbox One ya 2013 yataka kwanza kushusha programu kutoka intaneti. Na PlayStation 5 ya 2020 iko yenye mdomo wa diski na isiyo nao, na Xbox Series S haina mdomo kabisa. Basi mjukuu akikuambia mashine mpya ni bora kuliko ya zamani, mwulize: "Diski ya bibi yako itaingilia wapi?"

Limebaki jambo moja, nalo si la waya. Chombo chenye kazi mbili huleta mabwana wawili. Juma lile lile ugomvi ulianza kwangu. Wajukuu walisema mashine ni yao, wakubwa walisema televisheni ni yao. Tena niliona jambo la aibu kidogo. Kwa kuwa sisi wazee hatukujua kukitumia kile kishikio cha kuchezea ambacho vijana hukiita pedi, tulikaa kama wageni katika nyumba yetu. "Mjukuu wangu, nisimamishie hapo." "Mjukuu wangu, nirudishie nyuma." Na mjukuu alisimamisha alipotaka yeye, na kutuchagulia sinema aliyoitaka yeye.

Basi tulifanya mambo mawili. Kwanza, mama watoto na mimi tulijifunza pedi jioni moja. Si kazi ngumu: kitufe cha SELECT huleta ubao wa alama katika kioo, mishale huhamisha, na kitufe chenye alama ya X huchagua. Mle mle mna na kufuli la wazazi kwa sinema zisizowafaa watoto, ila kufuli hilo lafanya kazi kwa diski zilizotiwa alama tu. Macho ya mzazi hayana badala. Pili, tulipanga saa. Watoto hucheza mchana wa Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha. Jioni ya Jumapili ni sinema ya wote, na aliyechagua juma hili hachagui juma lijalo. Tangu hapo kelele zimepungua. Sisemi zimekwisha.

Neno langu la mwisho ni hili. Kama nawe unayo diski moja yenye sauti ya mtu aliyekwenda, usingoje deki ife. Ipeleke ikanakiliwe juma hili, nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu yako wa kijiji kingine. Deki itanunuliwa, mashine itapatikana, lakini sauti ya mama haiuzwi dukani. Na kabla ya kuuza mbuzi ili ununue kipya, waulize vijana wa nyumbani kile cha zamani chaweza kufanya nini. Wahenga walisema kweli: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbuzi wangu angali anakula majani. Kwaherini hata juma lijalo.