Mlima wenye majina matatu

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu aliye Ruiru au Thika akitazama mashariki huuona mlima mmoja uliojitenga na wenziwe. Wanafunzi wangu wengi wa sehemu hizo wamekua wakiutazama, lakini nikiwauliza asili ya jina lake hunyamaza.

Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Katika maandishi rasmi ile p ikageuka b, na mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1967 ikaitwa Ol Donyo Sabuk. Ukubwa wenyewe ni mita 2,145 tu. Lakini kwa mchungaji aliyeuona kutoka tambarare, hapakuwa na mwingine wa kushindana nao. Wagikuyu nao husema Kĩanjahĩ. Njahi twaijua sote sokoni, ila wachache hukumbuka kwamba mbura ya njahi ndiyo masika. Neno moja limebeba chakula na majira ya mwaka! Kisha kuna Kilimambogo, jina ambalo hata chuo cha ualimu kilicho karibu kimelichukua. Sarufi ya leo ingedai "kilima cha mbogo", lakini majina ya mahali hayamngojei mwanasarufi. Na mbogo bado wapo, wamejificha katika msitu.

Ajabu ni kwamba mgeni apandaye huoneshwa kwanza kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba Juja, akamkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, na kufariki mwaka 1925. Sina ugomvi na marehemu. Ninalolalamikia ni kwamba habari zake zinajulikana kuliko za waliouita mlima huo kabla hajazaliwa.

Walimu wataniambia kuwa silabasi ni ndefu na fedha ni haba. Kweli kabisa. Hata hivyo, mabasi ya shule hupita Thika yakielekea mbuga za mbali, ilhali huu ni mwendo wa asubuhi moja. Na kazi ninayoipendekeza haihitaji hata basi: kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja, Mkamba, Mgikuyu au Mmaasai, mlima huo aliusikia ukiitwaje utotoni na kwa nini, kisha aandike jibu kama lilivyotamkwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Na atakayeambiwa Sapuk, aandike p.