Kalamu ya Kitinda Mimba

Wapo wanaomsifu Gerald wa Wales kwa ucheshi wake na ufundi wake wa kusimulia. Simnyimi mtu raha ya kusoma. Ninachochoka nacho ni ule udhuru anaotolewa kila mara, kwamba alikuwa mtu wa zama zake, kana kwamba zama ndizo zilizoshika kalamu.

Gerald alizaliwa yapata mwaka 1146 katika ngome ya Manorbier, kusini-magharibi mwa Wales. Alikuwa kitinda mimba wa William de Barri, bwana wa Kinormani. Mama yake, Angharad, alikuwa mjukuu wa Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Wales ya kusini. Mwenyewe anasimulia kwamba kaka zake walipocheza mchangani kwa kujenga ngome na miji, yeye alijenga makanisa, na baba yake akawa anamwita askofu wake. Wasomaji hutabasamu hapo. Mimi naiona hesabu ya urithi: ardhi na upanga kwa wakubwa, Kanisa kwa mdogo.

Mwaka 1169 Robert FitzStephen, mjomba wake, alivuka bahari akashuka Ireland na askari wake, na mmoja wa kaka zake Gerald alikuwamo. Kaka mwingine, Philip, akapata ardhi upande wa Cork. Gerald alimfuata Philip huko mwaka 1183, akaenda tena mwaka 1185 pamoja na John, mwana mdogo wa Mfalme Henry II. Kisha akaandika kitabu juu ya nchi hiyo na kumtunukia mfalme. Humo Waairishi ni washenzi, ni wavivu, hawapendi kulima, wanaishi kama mifugo yao. Sifa kubwa aliyowabakizia ni ya kupiga vinubi. Kitabu hicho alikisoma hadharani Oxford kwa siku tatu, huku akiwakirimu wasikilizaji wake kwa karamu.

Nani alifaidika na maneno hayo? Nchi ikishaitwa ya wavivu, kuichukua hakuna aibu. Mimi nakiita kitabu kile hati ya mashamba ya ukoo. Mwandishi aliiona sehemu tu ya Ireland, na humo humo anatuambia kwamba bata bukini wa aina fulani huzaliwa na magogo yanayoelea baharini! Bukini hao dunia imekwisha kuacha kuwasadiki. Uvivu wa Waairishi uliendelea kunukuliwa karne baada ya karne. Aliyesoma jinsi Richard Burton alivyowaandika watu wa Unguja katika karne ya 19 atalitambua jicho lile lile.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wakuu wa kanisa la St Davids walipomtaka Gerald awe askofu wao mwaka 1199, Askofu Mkuu wa Canterbury alimpinga. Gerald akaenda Roma mara tatu kumlilia Papa Innocent III, na mwaka 1203 akashindwa. Alilalamika kwamba ananyimwa kiti kwa sababu ya damu ya Wales. Malalamiko hayo nayakubali. Ni ya haki. Lakini basi aliujua uchungu wa kuhukumiwa kwa kabila, na bado yapata mwaka 1209 alimpelekea John, ambaye sasa ni mfalme, toleo jipya la kitabu chake cha pili, kile cha kutekwa kwa Ireland. Hapo zama zina kosa gani?

Jibu lilikuja na padri Geoffrey Keating, naye wa uzao wa wavamizi wale wale. Historia yake ya Ireland, aliyoiandika kwa Kiairishi na kuimaliza yapata mwaka 1634, inaanza kwa kumkabili Gerald na waliomfuata. Ilisambaa kwa kunakiliwa kwa mkono. Vitabu vya Gerald vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa Frankfurt mwaka 1602.