Grande Hotel Ilikufa Kabla ya Uhuru

Wapo wasomi wenye kasumba ambao kila waonapo picha za Grande Hotel ya Beira, nchini Msumbiji, hutikisa vichwa na kutamka kwamba hayo ndiyo matokeo ya Mwafrika kuachiwa mali. Picha zenyewe zinafahamika: jumba kubwa la zege karibu na Bahari ya Hindi, madirisha hayana vioo, nguo zimeanikwa kwenye roshani, miti imeota kwenye kuta. Tuhuma hiyo yafaa ipimwe kwa tarehe.

Hoteli hiyo ni mradi wa Kampuni ya Msumbiji, ile ile iliyokabidhiwa na Ureno utawala wa Manica na Sofala tangu 1891 hadi 1942, ikatoza kodi na kuwaswaga wananchi kwenye kazi za shuruti. Ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ngazi za fahari na bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki. Ililengwa kwa matajiri wa kizungu, wakiwamo walowezi wa Rhodesia waliozoea kushuka pwani kupumzika. Nafasi ya Mwafrika humo ilikuwa kufagia, kufua na kubeba mizigo ya wenzake.

Matajiri hao hawakutokea kwa idadi iliyotarajiwa. Gharama zikashinda mapato, na mwaka 1963 milango ikafungwa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Mtoto wa darasa la pili aweza kutoa hesabu hiyo: ni miaka 12. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa bado haijaanza vita vya ukombozi, maana vilianza Septemba 1964. Je, Mwafrika aliyeiua biashara ile ni yupi?

Ukweli wa upande wa pili nao usifichwe. Baada ya uhuru jumba lilitumiwa kwa shughuli za chama, na katika vyumba vya chini ya ardhi wakafungwa wapinzani wa kisiasa. Doa hilo halifutiki kwa kuwalaani Wareno. Lakini walioijaza hoteli ni watu wengine kabisa, wakimbizi wa vita vya ndani vilivyoanza 1977 na kwisha 1992. Waling'oa mbao za sakafu wakapikia. Naam, walifanya hivyo. Mama aliyekimbia na watoto bila chungu wala kuni angeitunza sakafu hiyo kwa ajili ya mgeni gani? Hata bwawa la matajiri likageuka mahali pa kufulia nguo.

Basi wanaocheka picha hizo wanamcheka asiyehusika. Kama ni kuuliza, waulizwe wenye ofisi: vita vilikwisha mwaka 1992, kwa nini maelfu ya raia waliendelea kuishi humo bila maji ya bomba? Kimbunga Idai kiliipiga Beira tarehe 14 Machi, 2019. Jumba lilibaki limesimama, na wakaaji, ambao hawakuwa na pengine pa kwenda, wakaendelea kupandisha maji kwa ndoo, ghorofa hadi ghorofa.