Ujirani Mwema Ufike Hadi Baharini

Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, wananchi wa Mtwara walionyesha kwa vitendo maana ya ujirani mwema. Leo ujirani huo unahitajika tena, safari hii katika kuikinga bahari na mafuta yanayomwagika.

Mkondo mkuu wa bahari utokao mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini ya Mto Ruvuma, kisha hugawanyika. Tawi moja huelekea kaskazini na kupita Msimbati na Mtwara. Wakati wa kusi, upepo nao husukuma upande huo huo. Kwa hiyo mafuta yakimwagika katika maji ya Msumbiji, yaweza kutua kwenye mikoko na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Atakayeumia kwanza ni mvuvi mdogo.

Yawezekana mtu akasema kwamba pwani hii ina gesi, wala si mafuta. Lakini kila meli ina mafuta ya mitambo yake. Tarehe 25 Julai, 2020, meli Wakashio ilipanda mwamba huko Morisi. Haikuwa na shehena. Hata hivyo, baada ya siku 12 ilianza kuvuja, na tani zipatazo 1,000 zikaingia baharini. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Mataifa ya ukanda wetu hayakulala. Mwaka 1985, mjini Nairobi, yalitia sahihi mkataba wa kulinda bahari, pamoja na itifaki ya kusaidiana katika dharura za uchafuzi. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 1996, na Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Itifaki inazitaka nchi kupeana habari upesi na kusaidiana kwa kadiri ya uwezo.

Lakini karatasi haizoi mafuta. Je, ofisa wa zamu Mtwara anajua usiku wa manane ampigie simu nani huko Palma? Vifaa vya kuzuia mafuta vikihitajika ng'ambo, vitavuka bila kungoja vibali? Mapigano yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 yameufanya mpaka kuwa mgumu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kupatana mapema, maana siku ya ajali hakuna nafasi ya majadiliano.

Wapo wanaohofu kwamba kutegemea jirani ni kuacha kujitegemea. La hasha! Watu wa Morisi walishona wenyewe vizuizi vya majani ya miwa, na papo hapo Serikali yao ikapokea msaada wa Ufaransa, India na Japani. Kujitegemea si kujitenga.

Basi yafanyike mazoezi ya pamoja kila mwaka, kwa Kiswahili na Kireno. Watumishi wa wilaya waijue itifaki, na walimu wa pwani wawafundishe vijana dalili za mafuta baharini na mahali pa kutoa taarifa. Mikoko ikishafunikwa kwa mafuta, hakuna sahihi ya Nairobi itakayoisafisha.