Utoto si Hakimu: Dhidi ya Usomaji Mvivu wa Tawasifu za Matajiri

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wetu kuisoma tawasifu ya tajiri kama hesabu ya kujumlisha: chukua utoto wa dhiki, ongeza bidii, upate utajiri. Wapinzani wao huifuta hesabu hiyo kwa neno moja: unafiki. Makala haya yanaikana misimamo yote miwili.

Njenga Karume alizaliwa mwaka 1929 huko Elementaita, mtoto wa maskwota katika nchi ya walowezi. Anwani ya tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 2009, inamtoa kwenye makaa na kumfikisha kwenye dhahabu. Ndani ya anwani hiyo mna mtu mmoja tu na jasho lake. Hata hivyo, mtu huyo huyo aliongoza GEMA, chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru, na mwaka 1976 alikuwa mstari wa mbele katika harakati za kubadilisha Katiba ili Makamu wa Rais asishike hatamu moja kwa moja Rais afapo. Anayeamini kwamba jasho la mtu binafsi latosha, ana haja gani na ngome ya jamii na ujirani na Ikulu?

Jibu limo katika uskwota wenyewe. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye apate mahali pa kulima na kulisha mifugo. Hivyo basi, mtoto wa skwota hupata mafunzo mawili katika jiko moja. La kwanza, mkono wako ndio unaokulisha. La pili, ulicholima kimesimama juu ya udongo ambao mwenyewe aweza kukufukuza wakati wowote. Funzo la kwanza huzaa imani ya bidii. La pili huzaa imani ya kinga: ardhi, watu wako, na mkubwa wa kukukingia kifua. Huu ni ukinzani wa kurithiwa, wala si unafiki.

Lakini kurithi si kusamehewa. Andrew Carnegie, mwana wa mfumaji wa Dunfermline aliyepigania haki za wafanyakazi, alikatazwa utotoni kuingia bustani ya Pittencrieff. Mwaka 1902 aliinunua, kisha akaikabidhi kwa wenyeji. Mtu huyo huyo, mwaka 1892, alimwachia meneja wake Frick awafungie wafanyakazi wa Homestead milango ya kiwanda. Utoto mmoja, milango miwili: mmoja ulifunguliwa, mwingine ukafungwa. Utoto ulimpa swali. Jibu alilitoa akiwa mtu mzima.

Fauka ya hayo, mtoto wa tawasifu ni shahidi aliyeitwa na mzee. Karume alikuwa na umri wa miaka 80 kitabu chake kilipotoka. Mhakiki asiyeuliza ni nani aliyemwita shahidi huyo, na kwa kesi gani, amegeuka karani wa mahakama.

Suala hili si la darasani tu. Karagita, si mbali na Elementaita, mtoto huamka mzazi ameshaondoka kwenda kukata waridi katika mashamba ya Naivasha; chumba ni cha kupanga, udongo ni wa mwingine. Tukimfundisha kwamba makaa huwa dhahabu kwa jasho pekee, tutakuwa tumemficha nusu ya kitabu. Tukimwambia kwamba kila tajiri ni mnafiki, tutakuwa tumemficha nusu ya pili.