Gemu ya Zamani kwa Bei ya Msosi wa Siku Kumi na Mbili



Leo naweka pembeni habari za kozi, prezentesheni na foleni ya maji hosteli. Kuna ubishi umewaka hapa floo yetu na sasa umeanza kugusa mifuko ya watu, kwa hiyo nimeona niseme langu kabla boom halijaingia. Washikaji wanne wanataka kuchanga wanunue gemu ya zamani iliyotengenezwa upya. Nazungumzia zile gemu za mkononi za kuruka huku unafumbua fumbo: vuka hapa, kanyaga pale, beba ufunguo, fika mlangoni. Eti kwa kuwa zimepakwa rangi mpya, inalipa kuzinunua.

Mi nasema hailipi. Si kwa bei ile, na si kwa mifuko yetu. Tulieni niwape sababu.

Gemu wanayoitaka ni Mario vs. Donkey Kong. Ilitoka mwaka 2004 kwenye Game Boy Advance, kile kimashine cha Nintendo cha kushika mkononi. Hadithi yake fupi: sokwe kaiba midoli ya Mario, Mario anamfukuza. Lakini utamu uko kwenye mafumbo. Ukikanyaga swichi ya rangi fulani, vitu vya rangi hiyo vinatokea na vya rangi nyingine vinayeyuka, hivyo lazima upige hesabu kabla hujaruka. Gemu nzuri, sikatai. Basi tarehe 16 Februari 2024 ikarudi kwenye Nintendo Switch kwa dola 49.99. Picha mpya, muziki umepigwa upya, dunia mbili zimeongezwa, na watu wawili wanaweza kucheza pamoja. Lakini mifupa ya gemu ni ile ile ya 2004.

Haya, tupige hesabu. Dola 50 kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa zaidi ya sh. 120,000. Mwaka huo huo hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ilikuwa sh. 10,000 kwa siku. Yaani siku kumi na mbili za kula na kulala, zote zimeingia kwenye sokwe. Na hapo mashine yenyewe bado! Switch ilipotoka Machi 2017 iliuzwa dola 299.99. Sitaki hata kuibadilisha iwe shilingi, nisije nikaharibu siku ya mtu.

Hoja yao ya kwanza: "Hizi ni kumbukumbu za utotoni." Sawa, kumbukumbu za nani? Mi nimekulia Busale, kule kwetu Kyela, kati ya migomba na kakao. Sijaona mtoto hata mmoja mtaani kwetu akiwa na Game Boy. Gemu ya kuruka na kufumbua tuliyoijua sisi ni Bounce, kale kampira kekundu kwenye Nokia za wajomba zenye kioo cha rangi. Mliocheza mnakumbuka: mpira ukiwa mdogo unapita kwenye tundu jembamba lakini kwenye maji unazama. Ukijazwa upepo unaelea, ila tundu halikupitishi tena. Kwa hiyo unajiuliza, nijaze sasa au nisubiri? Hilo ni fumbo kamili, na lilikuja ndani ya simu bila kulipiwa senti ya ziada. Utoto wetu ulikuwa huo. Mtu anayeniuzia Game Boy kama kumbukumbu ananiuzia utoto wa mtoto wa Osaka au Chicago, halafu anataka nilie machozi.

Hoja ya pili: "Picha ni kali." Jamani! Fumbo halikai kwenye picha, linakaa kwenye mpangilio. Chukueni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Chonga kwa mpingo au chimba mashimo kwenye udongo chini ya mwembe, mchezo ni ule ule, na mzee atakufunga vile vile. Nokia wenyewe mwaka 2000 waliweka kwenye 3310 mchezo wa jamii ya bao, wakauita Bantumi. Je, kuna mzee aliyeacha kijiwe chake kwa sababu bao limeingia kwenye simu? Ukibadilisha mbao hujabadilisha bao.

Hapo nawakumbusha kitu ambacho kila Mtanzania anakijua bila kwenda chuo: mtumba. Shati likishavaliwa, bei inashuka. Unaweza kulifua, ukalipiga pasi, ukalitundika kwenye henga, lakini muuzaji akikutajia bei ya dukani unacheka na kuondoka. Sasa kwa nini kwenye gemu tunasahau? Kazi kubwa ya gemu ya aina hii ni kubuni mafumbo, na hiyo ilishafanyika na kulipwa mwaka 2004. Kilichofanyika 2024 kwa sehemu kubwa ni pasi. Pasi nzuri, ila pasi.

Kuna jamaa mmoja wa kozi ya hisabati akanibana vizuri: "Lakini sisi hatukuicheza 2004, kwa hiyo kwetu ni mpya." Ni kweli. Hata shati la mtumba ni jipya kwako siku unalivaa. Hilo linakupa sababu ya kulipenda, halikupi sababu ya kulipa bei ya dukani. Kama kwako ni mpya, basi ile ya 2004 nayo ni mpya kwako, na mafumbo yake ni yale yale. Tafuta iliyotumika, uliza bei, ndipo ulinganishe.

Niwape haki yao sehemu moja, maana nasomea ualimu na mwalimu anatoa alama hata kwa mwanafunzi anayembishia. Ile njia rahisi waliyoongeza, ambapo saa haikukimbizi na ukikosea unarudishwa ndani ya povu, wengine wanaiita ya wavivu. Mi siiti hivyo. Vygotsky tumemsoma wote: mtoto anajifunza pale ambapo kazi inamzidi kidogo tu na kuna mkono wa kumshika. Mdogo wako wa miaka sita anaweza kuanzia hapo. Na kucheza wawili ni jambo kubwa, hasa kwetu tuliozoea kupokezana simu moja watoto watano, ukifa unampa mwenzio. Hivyo ni vitu vipya kweli. Vikiuzwa kwa bei ya nyongeza, natoa hela. Havitoshi kubeba bei ya gemu nzima.

Hoja yao nzito kuliko zote ni hii: "Za zamani zinapotea, bora tununue mpya kabla hazijazikwa." Hapa nakubali ugonjwa, nakataa dawa. Ni kweli zinapotea. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS lilifungwa kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023, na gemu nyingi za zamani zilizokuwa zinauzwa humo zikakosa mlango. Lakini angalia, aliyefunga duka ndiye anayekuuzia toleo jipya! Ukilinunua kwa kupakua, umejiweka kwenye foleni ya kufungiwa tena. Gemu inahifadhiwa na mtu aliyetunza kaseti yake na simu yake ya batani, sio na mtu anayelipa kila ikibadilishwa nguo.

Na kutengeneza upya mara nyingi kunaua kitu ambacho tangazo halisemi. Mwaka 2017 Nokia 3310 ilirudishwa na HMD kwa euro 49, watu wakashangilia nyoka amerudi. Nyoka yule alikuwa mwingine. Bounce nayo ukiicheza kwenye simu ya kupangusa, kidole gumba kinafunika kampira kenyewe, unaruka kwa kubahatisha. Gemu ya kuruka inaishi kwenye batani.

Kwa hiyo wanangu wa floo yetu, msichange. Boom likiingia, nunueni mchele wa Kyela, mafuta na mkaa, kinachobaki mlipe madeni ya stationari. Kama kiu ya fumbo imewazidi, hapo getini kuna fundi ana droo imejaa Nokia za batani, nyingine bado zinawaka. Mkimpata mwenye Bounce niiteni, na mkiishia njiani kwenye maji msiseme sikuwaambia mjaze upepo mapema.

Anayebisha aje na hesabu, asije na picha.